Mshono wa Msalaba na Masanduku Yasiyoacha Kujaa

Mshono wa msalaba ni darizi ya kuhesabu. Uzi hupita juu ya mraba mdogo wa kitambaa kutoka pembe moja hadi ya pili, kisha hurudi ukaukata ule wa kwanza katikati, na msalaba mmoja umekamilika. Picha nzima, iwe waridi, msikiti, jina la mtoto au sura ya babu, hujengwa kwa kurudia kitendo hicho mara elfu kadhaa. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kuujua msalaba wenyewe kwa nusu saa, na mdarizi wa miaka arobaini hana msalaba mwingine wa siri anaoushona. Kinachowatenganisha ni uangalifu wa kuhesabu, na, jambo ambalo wasioshona huliona kwanza, wingi wa vifaa.

Anayeanza huhitaji kipande cha kitambaa, sindano moja, mkasi mdogo na nyuzi za rangi tatu au nne. Baada ya miaka michache huyohuyo huwa na droo nzima, kisha kabati, kisha masanduku chini ya kitanda, na watu wa nyumbani hushangaa kazi ya kushika mkononi imewezaje kudai nafasi yote hiyo. Jibu la haraka ni kwamba wapenda darizi wanapenda kununua. Wapo wa namna hiyo, lakini jibu hilo haliwatendei haki walio wengi. Sehemu kubwa ya shehena hiyo huzaliwa na hesabu ya mchoro, na hata mbahili huishia nayo.

Kitambaa kinachotumika zaidi huitwa Aida. Ni pamba iliyofumwa kwa mafungu ya nyuzi, hivi kwamba uso wake wote umegawanyika katika miraba yenye tundu kwenye kila pembe. Mshonaji hakadirii kwa macho wala hachori kwa penseli, kwani sindano huingia kwenye tundu ambalo tayari lipo. Ndiyo maana sindano yake ni butu: haitakiwi kutoboa, inatakiwa kupita. Kitambaa hiki hujulikana kwa namba. Aida ya 14 ina miraba 14 katika kila inchi, ya 18 ina miraba 18, na ya 11, inayopendwa na wanaoanza na wenye macho yaliyochoka, ina 11. Namba ikipanda, picha ileile husinyaa. Namba za sindano huenda vivyo hivyo: namba 26 ni nyembamba kuliko namba 24, na hii ya 24 ndiyo hutumika zaidi kwenye Aida ya 14. Kitani hakina mafungu, hufumwa uzi mmoja mmoja, kwa hiyo mshonaji huruka nyuzi mbili kwa kila msalaba, na kitani chenye nyuzi 28 kwa inchi hutoa picha yenye ukubwa sawa na Aida ya 14.

Kutoka hapo hesabu ya kitambaa ni ya kugawanya. Mchoro wenye miraba 140 kwenda kulia na 98 kwenda chini, ukishonwa kwenye Aida ya 14, hutoa picha ya inchi 10 kwa 7, yaani kama sentimita 25 kwa 18. Huongezwa inchi 3 kila upande kwa ajili ya kukunjia kwenye fremu, na kitambaa kinachokatwa kinakuwa cha inchi 16 kwa 13. Mshonaji asiyeacha pembezoni hulijua kosa lake siku ya mwisho, wakati halirekebishiki tena. Kitambaa nacho hakiuzwi kwa vipimo vya mchoro wa mtu. Kipande kinachobaki ni kikubwa mno kutupwa na kidogo mno kwa kazi ya maana, basi hukunjwa na kuwekwa. Hicho ndicho kitu cha kwanza kuingia sandukuni.

Uzi ni habari ndefu zaidi. Uzi wa kawaida wa kazi hii ni wa pamba, huuzwa kwa vitita vidogo vya mita 8, na una nyuzi 6 nyembamba zilizolazwa pamoja bila kusokotwa sana, ili ziweze kutenganishwa. Kwenye Aida ya 14 hutumika nyuzi 2 kwa wakati mmoja. Kwenye ya 18, moja au mbili. Kampuni ambayo namba zake hufuatwa na michoro mingi duniani ni DMC ya Mulhouse, mashariki mwa Ufaransa. Ilianza mwaka 1746 kwa kuchapa maua na nakshi juu ya vitambaa vya pamba, wakati Mulhouse bado ni mji unaojitawala. Herufi zake zilitokana na ndoa: Daniel Dollfus alimwoa Anne-Marie Mieg mwaka 1800 na majina ya familia mbili yakaunganishwa.

Pamba ya kawaida haina mng'aro, na darizi ya zamani iliyotaka kung'aa ilitegemea hariri. Mwingereza John Mercer ndiye aliyepata hataza mwaka 1850 baada ya kugundua kwamba pamba ikilowekwa kwenye kostiki soda huimarika na kushika rangi vizuri. Miaka arobaini baadaye ikajulikana kwamba uzi ukilowekwa huku umevutwa, usiachwe kusinyaa, hutoka uking'aa karibu kama hariri. Ugunduzi huo ndio uliozipa nyuzi za kudarizi sura zilizonayo leo, na kwa bei ambayo hariri haikuwahi kuifikia. Mwaka 1886, Thérèse de Dillmont, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi pamoja na DMC, alichapisha ensaiklopidia ya kazi za sindano ambayo ilitafsiriwa katika lugha nyingi na bado inachapishwa. Kila somo lilieleza mshono na kumwonyesha msomaji uzi wa kampuni ile unaofaa. Ni vigumu kusema kilikuwa kitabu cha mafunzo zaidi au tangazo zaidi, ila kilikuwa kizuri katika yote mawili.

Leo orodha ya rangi za uzi huo wa DMC inafikia 500. Kila rangi ina namba, na namba hazina mpangilio ambao mgeni anaweza kuukisia. Nyeusi ni 310. Nyekundu kali ni 666, nyekundu nyingine ni 321. Nyeupe mojawapo haina namba kabisa, huandikwa kwa neno la Kifaransa. Mshonaji aliyezoea hazitafuti tena, huzitaja kichwani kama kondakta anavyotaja vituo. Mchoro ukisema 310, mshonaji wa Mombasa na wa Oslo hufungua uzi uleule, na picha zao hufanana. Faida hiyo ina gharama yake. Mchoro ukitaka kijani cha namba fulani na sandukuni kuna kijani kinachokaribiana nacho, mkono huanza kusitasita, na mara nyingi kitita kipya hununuliwa.

Hapo ndipo hesabu inapoeleza kila kitu. Msalaba mmoja kwenye Aida ya 14, ukijumlisha sehemu inayoonekana mbele na ile inayopita nyuma, hula karibu milimita 9 za uzi. Kitita cha mita 8 chenye nyuzi 6, kikitumiwa mbilimbili, ni sawa na mita 24 za kushonea. Bila hasara yoyote kingetosha misalaba zaidi ya 2,600. Ukiondoa ncha zinazokatwa, uzi unaochakaa na mishono inayofumuliwa, ni busara kukadiria 1,800. Turudi kwenye ule mchoro wa 140 kwa 98. Ukijazwa wote una misalaba 13,720. Kwa rangi moja tu, vitita 8 vingetosha na hakuna ambacho kingebaki cha maana. Lakini michoro ya siku hizi haitumii rangi moja. Ukiwa na rangi 30, kila rangi hupata kwa wastani misalaba 457, yaani robo ya kitita. Uzi hauuzwi kwa robo. Mshonaji hununua vitita 30, hutumia uzi wenye ujazo wa vitita 8, na hubakiwa na wenye ujazo wa vitita 22 ambao hakuuomba. Kazi ya pili ikiwa na rangi 30 nyingine, na 12 kati yake zikiwa tayari zimo ndani, hununua 18 mpya, na masalio yanaongezeka tena. Hajafanya uzembe wowote.

Kwa hiyo kinachoamua ukubwa wa shehena ni wingi wa rangi katika mchoro mmoja, kuliko wingi wa kazi zilizoshonwa. Historia ya mshono huu inaonyesha jambo hilo waziwazi. Kwa karne nyingi Ulaya wasichana walifundishwa kwa vitambaa vya mazoezi, ambavyo pia vilikuwa daftari la nakshi: herufi, namba, ndege, miti, kila kimoja kikiwekwa ili kije kunakiliwa baadaye. Kitambaa cha Kiingereza cha aina hiyo kinachojulikana kuwa cha zamani zaidi kati ya vile vyenye tarehe kilishonwa na Jane Bostocke mwaka 1598 na kimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Victoria and Albert, London. Jumba hilohilo lina kazi ya Elizabeth Parker ya miaka ya 1830 hivi. Binti huyo, aliyekuwa mtumishi wa ndani, alisimulia mateso yake ya kazini na mawazo yake ya kujiua kwa misalaba midogo ya uzi mwekundu, mstari kwa mstari, na maandishi yanakatika katikati ya sentensi. Rangi moja, kitambaa kimoja. Hakuhitaji sanduku.

Mfano wa Palestina ni wa kina zaidi kwa sababu pale mshono wa msalaba ni vazi na utambulisho wa jamii nzima. Nguo ndefu ya mwanamke ilijazwa nakshi kifuani, mikononi na kwenye pindo, na mjuzi aliweza kutambua kijiji cha mvaaji kwa nakshi na kwa aina ya wekundu. Nyekundu ilitawala katika sehemu nyingi, rangi nyingine zikipewa nafasi ndogo. Mwanamke aliyeshona nguo ya harusi yake alihitaji uzi mwingi, ila wa rangi chache, na ulikwisha kwa kuwa ulishonwa. Katika karne ya 20 nyuzi za pamba za DMC zilichukua sehemu kubwa ya nafasi ya hariri, na vitabu vya michoro vya Ulaya vikaingiza waridi na ndege ambao hawakuwapo katika nakshi za vijijini. Baada ya watu kufukuzwa makwao mwaka 1948, darizi iliendelea kambini, ikawa kipato na kumbukumbu. Wakati wa intifada, yaani uasi wa Wapalestina, ya mwishoni mwa miaka ya 1980, bendera yao ikiwa imepigwa marufuku, wanawake walishona ramani na rangi za bendera juu ya nguo zao. UNESCO iliiingiza darizi hiyo katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika mwaka 2021.

Aliyeshona kwa uhaba kuliko wote pengine ni Alexis Casdagli, meja wa jeshi la Uingereza aliyetekwa na Wajerumani mwaka 1941. Akiwa kambini alipata kipande cha turubali na akatumia nyuzi zilizofumuliwa kutoka sweta ya jenerali mmoja wa Krete. Kazi yake ilionekana ya kistaarabu, yenye jina, tarehe na mapambo ya heshima, hata walinzi wakaitundika ionwe. Hawakutambua kwamba nukta na vistari vya pembezoni ni maandishi ya Morse yanayomwombea mfalme wa Uingereza na kumtukana Hitler.

Kilichogeuza uchache huo wa rangi kuwa wingi ni karatasi ya miraba. Mwanzoni mwa karne ya 19 wachapishaji wa Berlin walianza kuuza michoro iliyopakwa rangi mraba kwa mraba, ya kushonwa kwa sufu laini ya Kijerumani. Mshonaji hakuhitaji tena kubuni wala kukumbuka. Alihesabu na kufuata. Mapazia, viti na viatu vya ndani vya Ulaya ya wakati huo vilijaa maua yenye vivuli vya rangi nyingi, na wenye maduka ya uzi hawakulalamika. Siku hizi programu za kompyuta huchukua picha yoyote na kuigeuza kuwa mchoro kwa dakika chache. Kompyuta haihesabu gharama. Uso wa mtu mmoja unaweza kupewa rangi 90, nyingine zikitokea kwenye misalaba mitano tu, iliyotawanyika. Mchoro wa miraba 400 kwa 300 una misalaba 120,000. Anayeshona 100 kwa saa, saa mbili kila usiku, atautumikia usiku 600. Rangi inayohitaji misalaba mitano bado inataka kitita kizima. Ukweli ni kwamba mingi ya michoro hiyo ya picha ingependeza zaidi kwa theluthi ya rangi zake, na mchoraji mzuri wa michoro ya darizi hujulikana kwa rangi alizozikataa.

Afrika Mashariki mshono huu ulienea kupitia shule za misheni, ambako wasichana walifundishwa kazi za sindano, na baadaye kupitia sayansi kimu. Nyumba nyingi zilikuwa na vitambaa vilivyodariziwa vya kutandika juu ya makochi, meza na redio, na nyingine bado zinavyo. Katika hivyo msalaba ulikaa pamoja na mishono mingine, na rangi zilikuwa chache. Pasipo Aida, kitambaa cha drafti, kile cha visanduku vidogo kinachojulikana kwa sare za shule, hufanya kazi nzuri: kila kisanduku ni nafasi ya msalaba mmoja. Gunia la juti, lenye nyuzi nene zinazohesabika kwa macho, hushonwa kwa sufu. Mwenye kutafuta nyuzi huanzia kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji, Kariakoo kwa Dar es Salaam au mtaa wa Biashara kwa Nairobi, na rangi anayoikuta leo anaweza asiikute tena mwezi ujao. Hofu hiyo nayo hujaza masanduku. Anayejua kwamba atahitaji vitita sita vya usuli wa buluu hununua sita kwa mkupuo, na kwa sababu nyingine ya kiufundi: vitita vya namba moja vilivyotiwa rangi kwa nyakati tofauti huweza kupishana kidogo, na tofauti isiyoonekana mkononi huonekana kama mstari kwenye eneo kubwa la rangi moja.

Nyuzi zisizo na jina ni nafuu, na baadhi ni nzuri kabisa. Hatari yake ni kuchuja rangi. Hujaribiwa kwa kulowesha kipande na kukibana ndani ya kitambaa cheupe, hasa nyekundu na buluu nzito, kabla ya kuzitia kwenye kazi ya miezi mingi.

Shehena ikishafika rangi mia moja, bila mpangilio haina tofauti na kutokuwa nayo. Njia iliyozoeleka ni kuzungushia kila uzi kwenye kijikadi cha karatasi ngumu au plastiki, kuandika namba juu yake, na kuzipanga kadi kwa namba ndani ya sanduku lenye vyumba. Wanaopanga kwa rangi hupata sanduku la kupendeza na hupoteza muda kila wanapotafuta. Daftari la namba zilizopo huzuia kununua kitu kilekile mara tatu. Nyeusi pekee haihitaji daftari, kwani 310 hununuliwa kila safari. Karatasi ya kitita isitupwe kabla namba haijanakiliwa, kwa kuwa vijani viwili vilivyopoteza namba havitambulikani kwa uhakika hata mchana kweupe.

Pwani, adui ni hewa yenyewe. Unyevu huleta ukungu na madoa ya kahawia kwenye kitambaa kilichokunjwa kwa muda mrefu, na sindano ikiachwa imechomekwa kwenye kazi hushika kutu na kuacha alama isiyotoka. Jua hupausha rangi. Sanduku lenye mfuniko, mbali na dirisha, na kitambaa kinachofunguliwa na kukunjwa upya mara kwa mara ni kinga ya kutosha. Fremu ya duara nayo huvuliwa kila baada ya kushona, vinginevyo huacha mkunjo wa mviringo ambao pasi huushindwa.

Ushonaji wenyewe una kanuni chache zisizobadilika. Kazi huanzia katikati, ili picha isiangukie ukingoni. Fundo halifungwi, kwa sababu huleta kivimbe mbele. Ncha ya uzi hupitishwa chini ya mishono ya nyuma. Mstari wa juu wa kila msalaba lazima uelekee upande mmoja katika kazi nzima. Uzi wenye mng'aro hurudisha mwanga kufuata mwelekeo wake, na msalaba mmoja uliogeuzwa huonekana kama doa hata kama rangi yake ni sahihi. Wengi huchora kwanza mistari ya kila miraba 10 kwa uzi wa kuondolewa baadaye, wakidai inapunguza makosa. Inapunguza kweli, ingawa wapo wanaoona ni kazi juu ya kazi.

Kazi iliyokamilika huoshwa kwa maji baridi na sabuni laini, hulazwa juu ya taulo, na hupigwa pasi ikiwa imegeuzwa kifudifudi ili misalaba isibanwe. Kisha hukazwa juu ya ubao na kutiwa kwenye fremu, au hugeuzwa mto, pochi au kitambaa cha kochi. Gharama ya fremu mara nyingi huzidi ya uzi wote uliotumika, na hiyo ndiyo sababu moja ya kazi nyingi zilizokwisha kulala kwenye droo pamoja na zile zisizokwisha.

Yanayobaki hutumika kwa michoro midogo: alamisho za kitabu, kadi za Idi na Krismasi, herufi za majina pembeni mwa leso. Misalaba 200 ya rangi yoyote inatosha kwa herufi mbili na ua. Wengine huchagua mchoro baada ya kufungua sanduku na kuona kilichomo, wakibadilisha namba za mchoraji kwa namba walizonazo. Kazi za namna hiyo hupunguza masalio polepole sana, kwa vipande vya nusu mita, na kila mojawapo huelekea kukosa rangi moja ambayo haimo sandukuni.